Amani: Msitu Unaotunywesha

Tukisikia neno wanyamapori, wengi wetu akina mama huwaza Serengeti na Ngorongoro. Huwaza simba, tembo na twiga, na wageni wenye kofia pana. Ni kweli hizo ni fahari za nchi yetu. Lakini iko hifadhi nyingine, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Tanga mjini, ambayo haina simba wala twiga. Wakazi wake ni ndege, vyura, vinyonga, kima na vipepeo, na baadhi yao hawapatikani popote pengine duniani. Tena hifadhi hiyo inamhusu kila mama wa Tanga anayefungua bomba asubuhi ili abandike uji wa watoto, kwa maana maji hayo hutoka huko. Jina lake ni Amani.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kina desturi ya kufanya safari moja kila mwaka. Tumewahi kwenda Pangani, tumekwenda Lushoto, na zaidi ya mara moja tumekwenda kuwatembelea akina mama wenzetu wa makanisa mengine. Safari hii tulichagua msitu. Sababu ni kwamba katika huduma yetu ya kutembelea wazazi majumbani, neno maji halikosekani. Mvua kubwa zikinyesha milimani, mto huteremka mwekundu kwa udongo. Kiangazi kikizidi, kila mtu huanza kuulizana habari za ndoo. Sisi tulio wauguzi tunajua mahali mambo hayo yanapoishia. Huishia kwa mtoto mwenye macho yaliyodidimia, na mama anayekoroga chumvi na sukari ya dawa kwa mikono inayotetemeka. Tukasema, twende tukaone maji haya yanaanzia wapi na ni nani anayeyatunza.

Tulikodi Coaster moja. Tulikuwa mama ishirini na wawili, na wasichana wanne wa kidato cha pili walioomba kutufuata. Wali wa nazi ulifungwa tangu alfajiri, na chupa za chai zilikuwa nyingi kuliko wasafiri.

Njia ya kupanda

Kutoka Tanga hadi Muheza ni barabara ya lami, na wauza machungwa wako pande zote. Muheza ndipo unapoacha lami na kuelekea milimani, safari ya kilomita zaidi ya thelathini hivi. Kwanza unapita katika mashamba ya mitiki ya Longuza. Miti imesimama kwa mistari kama askari kwenye gwaride, na majani makavu makubwa yamelala chini. Tulisimamisha gari kidogo na kuzima injini. Palikuwa kimya. Dereva akasema, "Shikeni kimya hiki, tutakuja kulinganisha huko juu."

Lango la hifadhi liko Zigi, kando ya mto wenye jina hilo. Hapo ipo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya kushusha mbao kutoka milimani. Leo reli haipo, na mahali pale wageni hupokelewa, huandikishwa na kupewa mwongozaji. Wetu alikuwa mzee wa makamo, mwenyeji wa huko huko, aliyejua kila mti kwa Kisambaa, kwa Kiswahili na kwa jina la kitaalamu.

Kutoka Zigi gari hupanda kwa kona kali. Hewa ilianza kupoa na madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Miti ikawa mirefu, mingine ikiwa na mizizi iliyotokeza nje kama kuta za nyumba, na matawi yake yamevaa ukoga wa kijani. Tuliposimama tena na kuzima injini, hapakuwa na kimya. Palikuwa na milio juu, milio chini, na mlio mmoja kama wa chura ambao mzee alisema kweli ni wa chura. Dereva hakusema neno, alitazama tu nyuma akacheka.

Mzee alitueleza kwamba milima hii ya Usambara Mashariki ni sehemu ya safu ndefu inayoitwa Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kufika Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hiyo na kuangusha mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana misitu hii iliendelea kuishi hata nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka, na viumbe waliobaki humo wakawa wa aina yao wenyewe.

Mlima wa dawa

Amani haikujulikana kwanza kwa hifadhi. Ilijulikana kwa utafiti. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua hapa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia. Mingi ipo mpaka leo katika Bustani ya Mimea. Tulionyeshwa mdalasini, kafuri na mingine ambayo hatukuwahi kuifikiria zaidi ya kuwa kitu cha kwenye kopo.

Lakini mti uliotukusanya sisi wauguzi ulikuwa mmoja mwembamba tu, usio na fahari. Ni mkwinini. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na gome lake ndilo linalotoa kwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokatiwa njia ya baharini, walitengeneza kwinini hapa hapa Amani kwa ajili ya askari wao. Sisi tuliosoma uuguzi wakati dripu ya kwinini ilikuwa ndiyo tegemeo la mgonjwa wa malaria kali, tulilishika gome lile kwa heshima. Ni wangapi tuliwaambia, "Vumilia mama, masikio yatavuma lakini utapona"? Siku hizi kwa malaria kali hutumika sindano ya artesuneti, ambayo nayo chanzo chake ni mmea, ule wa Uchina. Mmoja wetu akasema, "Kumbe nusu ya kabati letu la dawa limeota ardhini."

Baada ya vita kuu ya pili, kituo hiki kikawa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki. Baadaye kazi hiyo ikaingia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watafiti wake walikuwa miongoni mwa waliojaribu vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Muheza, kabla vyandarua hivyo havijawa jambo la kawaida kwa kila mja mzito anayehudhuria kliniki. Kwa hiyo mama unapofunga chandarua usiku, ujue kwamba akina mama wa wilaya hii walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kulala ndani yake ili wengine tujifunze.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa rasmi mwaka 1997, ikiwa na eneo la hekta zipatazo 8,380. Ilikuwa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia katika Tanzania. Leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Mama aliyejifungia ndani ya mti

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, na mzee alitupeleka kwenye mti mmoja mrefu usio mbali na njia. Akatuomba tukae chini na tusiseme neno. Kwa kikundi cha akina mama wa kwaya hilo si ombi dogo. Tulikaa kama robo saa. Ndipo tukasikia mvumo mkubwa, kama mtu anayepepea mkeka, na ndege mkubwa mweusi mwenye domo kama pembe akatua kwenye shina. Alikuwa hondohondo.

Juu ya shina palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, likabakizwa ufa mwembamba tu. Dume alikohoa tunda moja, akalipitisha kwenye ufa, na ncha ya mdomo ikalipokea kutoka ndani. Akakohoa jingine, na jingine tena. Mzee alitunong'oneza habari yake. Jike huingia ndani ya tundu, na dume humletea udongo autumie kujizibia mwenyewe, ili nyoka, kima wala adui mwingine asifike. Hukaa humo akiatamia kwa muda wa siku arobaini hivi, kisha huendelea kukaa na kinda mpaka aweze kuruka. Kwa jumla ni zaidi ya miezi mitatu bila kutoka. Muda wote huo chakula huletwa na dume peke yake.

Habari hizi zilichunguzwa hapa hapa Amani na mtu na mkewe, Reginald na Winifred Moreau. Bwana Moreau alifanya kazi katika kituo cha utafiti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, na Bibi Moreau alikuwa mwenzake katika kuchunguza ndege. Waliketi chini ya viota, wakahesabu na kuandika, na mwaka 1941 uchunguzi wao juu ya hondohondo ukachapishwa. Imekadiriwa kwamba dume mmoja, katika siku 120 za kulea, huweza kufanya safari 1,600 na kuleta matunda yapatayo 24,000. Bibi Moreau hakusahauliwa: yuko ndege mmoja wa milima ya Uluguru aliyepewa jina lake.

Mnaweza kufikiri mazungumzo yalikuwaje tuliporudi kwenye gari! Wengine walitaka waume zao waletwe Amani kwa semina ya siku tatu. Mama mmoja, ambaye ni mkunga, alisema jambo la maana zaidi. "Siku arobaini za uzazi tulizisikia kwa bibi zetu," alisema, "lakini bibi hakusema ni za mama peke yake. Zilikuwa na watu wa kuleta kuni, maji na uji." Wauguzi tulikubaliana naye. Mzazi anayeachwa peke yake wiki ya kwanza ndiye tunayemwona kliniki akiwa hana maziwa na hana usingizi.

Lakini kuna upande mwingine. Hondohondo hawezi kuzaa bila mti mkubwa, tena mzee, wenye tundu la kumtosha. Mti wa namna hiyo haupandwi leo ukapatikana kesho. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 misitu hii ilivunwa mbao kwa mashine, mpaka uvunaji huo uliposimamishwa. Palipobaki wazi, mti mgeni uitwao Maesopsis, ulioletwa tangu enzi za Wajerumani, uliota kwa wingi. Na aliyesaidia kuusambaza ni hondohondo huyo huyo, kwa kula matunda yake na kudondosha mbegu. Yeye hula na kupanda, na anachopanda hutegemea sisi tumemwachia nini cha kula.

Walio wadogo

Wasichana wetu ndio waliokuwa na macho makali. Wa kwanza kumwona kinyonga mwenye pembe tatu alikuwa wao. Watoto wengi wa kwetu wamefundishwa kumwogopa kinyonga na hata kumpiga mawe. Yule alikuwa akitembea juu ya tawi kama mzee anayevuka barabara, akituangalia kwa jicho moja, jingine likiangalia mambo mengine. Mzee alitukataza kumshika. Vinyonga wa Usambara hutamaniwa na wafanyabiashara wa ng'ambo, na wengi wamekwisha chukuliwa kwa magendo.

Kando ya kijito tulionyeshwa ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini, limeota juu ya mwamba wenye unyevu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka mmea huu kwao. Leo ndilo ua la chungu linalowekwa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mamilioni ya watu huko wanalimwagilia kila wiki bila kujua kwamba ndugu zake wa porini wamebakia katika misitu michache ya Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya. Likitolewa kivuli na unyevu, hufa. Tuliliangalia na kuliacha palepale.

Vipepeo na ada za shule

Mchana tulifika kijijini kuzungumza na akina mama wenzetu. Tulitaka kujua wanaishije kando ya msitu wasioruhusiwa kuukata.

Mmoja wao alitupeleka nyuma ya nyumba, akatuonyesha kibanda cha wavu kilichochakaa. Hapo ndipo alipokuwa akifuga vipepeo. Mradi wa vipepeo wa Amani ulianza mwaka 2003. Mfugaji hukamata vipepeo wachache wa kuanzia, huwaweka ndani ya wavu pamoja na mche wanaoupenda, na jike hutaga juu ya majani. Viwavi wakitoka hulishwa majani hayo mpaka wanapogeuka pupa. Pupa hukusanywa haraka, kwa sababu kipepeo hasubiri, hufungwa vizuri na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Mamia ya wafugaji walijiunga, na wengi walikuwa wanawake.

"Kiwavi mmoja anakula aina moja ya mti tu," alitueleza. "Ukimpa jani lingine, anakufa njaa huku chakula kiko mbele yake. Kwa hiyo tulipanda miti ya msituni kwenye mashamba yetu, na tukawa walinzi wa msitu, kwa sababu vipepeo wa mbegu hutoka humo." Alituambia watoto wake wawili walimaliza sekondari kwa fedha ya vipepeo.

Kisha mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Biashara hiyo ilikuwa imeingiwa na magendo makubwa, na hatua ilihitajika. Lakini pupa naye ni mnyamapori hai, hata kama amefugwa nyuma ya jiko la mama. Soko la nje likafungwa. Mama yule hakulaumu mtu. Alisema tu, "Miti niliyoipanda kwa ajili ya viwavi bado ipo. Jirani ananiambia niikate, nipande kitu kinacholipa."

Tulimwuliza, na wewe unasemaje? Akajibu, "Nimekata miwili."

Nani anayelipa?

Nyumba ya pili tulimkuta bibi mmoja anachambua mboga barazani. Tulimwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi?"

"Tumetoka Tanga, bibi."

"Tanga kwenye maji yetu," akasema, akacheka mpaka bakuli likatikisika.

Hakuwa anatania tu. Mto Zigi huchukua maji ya vijito vya milima hii, na bwawa la Mabayani huyakinga kabla hayajasafishwa na kuletwa mjini. Bibi alikwisha yafikiri mambo haya kuliko wengi wetu. Alituambia kwamba zamani kuni zilikuwa nyuma ya nyumba, na shamba la iliki lilikuwa chini ya miti mikubwa. Iliki hupenda kivuli, basi watu walifyeka vichaka chini ya msitu wakaipanda. Ilileta fedha nzuri. Lakini miche midogo ya msitu ikafyekwa nayo, na baada ya miaka ardhi ikachoka.

Katika miaka ya 2000 mashamba ya wakulima zaidi ya elfu moja yaliyokuwa katika ukanda wa Derema yalitwaliwa ili kuunganisha misitu iliyokuwa imetengana, wanyama na mbegu viweze kupita. Wenye mashamba walilipwa fidia ya mazao yao. "Fidia huja mara moja," alisema bibi, "iliki ilikuwa inakuja kila mwaka."

Mwalimu mmoja kati yetu alimwuliza kama angependa msitu ukatwe. Bibi akamtazama kama anayemtazama mtoto. "Ukikatwa, kijito changu kitakauka kabla ya bomba lako. Mimi sitaki ukatwe. Nataka mjue kwamba unalindwa na watu, na watu hao wanapika." Kisha akauliza, "Huko mjini mnapikia nini?"

"Gesi kidogo, na mkaa, bibi."

"Mkaa wa wapi?"

"Mwingi hutoka Handeni."

"Basi na huko yuko bibi kama mimi."

Tulikaa kimya kitambo. Sisi wauguzi tuliyasikia maneno yake kwa namna yetu. Msitu ni kama dripu. Majani huipokea mvua, majani makavu ya chini huinyonya, nayo ardhi huitoa tone kwa tone mpaka kiangazi kipite. Ukiondoa msitu, ni sawa na kummiminia mgonjwa chupa nzima kwa dakika moja: kwanza atazidiwa, kisha chupa itakuwa tupu na bado ana kiu. Yule anayeishika chupa isianguke ni bibi huyu na jirani zake, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama mkono unamuuma.

Alitukumbusha pia habari ya dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji walivamia vijito vya milima hii kwa maelfu, wakachimbua kingo na kuchafua maji. Serikali iliwaondoa. Wachimbaji wadogo mahali pengi hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na hakuna muuguzi asiyejua madhara ya zebaki kwa ubongo wa mtoto, hata yule ambaye bado yumo tumboni. Maji hayabagui kati ya kijiji na mji.

Tuliyoyafanya tuliporudi

Katika mkutano uliofuata hatukutaka hotuba. Tulitaka mambo machache yanayowezekana kwa mfuko wa mama wa kawaida.

La kwanza, upatu wetu wa miezi sita uligeuzwa kuwa upatu wa majiko banifu. Kila mwezi mama wanne walipata jiko badala ya fedha. Jiko zuri hupunguza mkaa, na kwa anayepikia kuni hupunguza moshi. Moshi wa jikoni ni adui wa mapafu ya mtoto mchanga anayebebwa mgongoni mama akipika. Tumeliona hilo wodini mara nyingi.

La pili, tulikubaliana na akina mama wa kijiji kile kununua moja kwa moja kwao pilipili manga, mdalasini na karafuu wanazolima kwenye mashamba yao nje ya hifadhi, badala ya kununua kwa walanguzi. Ni mazao ya miti na ya kupanda juu ya miti, hayataki shamba jeupe. Na wako wanaookota mbegu za msambu, mti wa asili ambao mbegu zake hutoa mafuta mazito ya kupikia. Mti unaotoa fedha ukiwa umesimama hauhitaji askari wengi. Yule mama wa vipepeo ndiye anayekusanya mzigo na kuupeleka kwenye basi la Muheza. Alitutumia habari kwamba miti iliyobaki bado ipo.

La tatu ni la watoto. Wale wasichana wanne walianzisha daftari la ndege, na wadogo zao wakaiga.

Kama unapanga safari

Nenda na sweta hata kama Tanga kuna joto, na viatu vya kufunga, maana njia huteleza na siafu hawana adabu. Beba koti la mvua, maji ya kunywa, na dawa zako za kila siku kama una presha au kisukari. Duka la dawa liko mbali. Mwenye mimba kubwa asiende, kwa ajili ya mitikisiko ya barabara. Ulizia ada na nafasi za kulala mapema, na chukua mwongozaji mwenyeji, kwani malipo yake hubaki kijijini. Asubuhi na mapema ndio wakati mzuri wa ndege. Vaa nguo zisizong'aa, zima redio, usichume ua, usimlishe kima, wala usimshike kinyonga hata kwa picha. Darubini moja yatosha kwa watu watano wanaopendana.

Na kama huna nauli, anza nyumbani. Mpe mtoto daftari na penseli, mwambie aketi chini ya mwembe dakika kumi kila jioni na kuandika kila ndege anayemwona: ukubwa, rangi, anakula nini, analia vipi. Hakuna gharama, na mtoto aliyejifunza kutulia na kuangalia hatatupa jiwe upesi. Watoto wa mama mmoja wa kikundi chetu wamefikisha ndege kumi na wanne katika ua mmoja wa Tanga. Wanabishana juu ya wa kumi na tano, kama ni chozi au siye. Tumewaambia warudi wakamtazame tena.